Mzunguko wa Mikoa Miwili na Kahawa Niliyoisahau

Nyinyi mnaoanza kazi ya kuongoza watu milimani, sogeeni karibu. Najua mnanitazama mkijiuliza ni mstaafu gani huyu asiye na hata unywele mmoja mweupe. Sikustaafu kwa umri. Goti la kulia ndilo lililostaafu, na mimi ikabidi nilifuate. Sasa nafanya kazi ya kiti na kompyuta hapa mjini Nizwa, na kila Ijumaa nikiyaona magari yenu yakipita, fimbo za kutembelea zimechomoza madirishani, nakuoneeni wivu mpaka chai yangu inapoa.

Kazi hii sikufundishwa darasani. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, kwa kukodolea macho ramani za satelaiti, na kwa kuanguka. Tena nina maradhi ambayo baadhi yenu mtayatambua: nataka kila kitu kiwe sawasawa kabla sijakianza. Nikiwa na kilima kidogo tu cha kupanda, begi nalifunga siku mbili kabla, nalifungua, nalifunga tena. Nikilala naota nimesahau maji. Mama alikuwa akinisikia alfajiri nikipekuapekua, ananipigia kelele kutoka chumbani kwake.

"We Asya! Huo mlima umekaa hapo tangu dunia kuumbwa, hauendi popote! Hebu lala!"

Basi atakayekwambieni kwamba mwongozaji mzuri hana wasiwasi, mwacheni na maneno yake. Mimi nilikuwa na wasiwasi kila siku ya kazi, na nilifurahi kila siku ya kazi. Vyote viwili nilivipakia begi moja.

Aliyenishika mkono ni Ami Harith. Si ami yangu wa damu, ni jirani yetu. Alizaliwa Unguja, akaletwa huku nchi ya Waarabu angali mtoto, akaendesha magari ya serikali milimani mpaka alipopumzishwa. Kanzu yake ina mfuko mmoja mkubwa ubavuni, na mfuko huo haujapata kukosa tende. Siku ya kwanza tuliyotoka pamoja nilimuona anakwenda kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

"Ami, mbona tunakwenda polepole hivi?"

"Kwa sababu nakula."

"Si tufike kwanza, halafu tule?"

"Ukifika na njaa hutakula, utatapika. Chukua."

Nikachukua. Tangu siku ile nimekuwa nakula mlimani kidogo kidogo, kabla njaa haijanipata, na maji vilevile. Kiu ikishakushika umeshachelewa.

Siku hiyohiyo, kabla hatujaanza kuteremka, alinitazama viatu akauliza, "Kucha umekata?"

"Kucha? Ami, tunashuka mlima au tunakwenda harusini?"

Akatia tende mdomoni, akaanza kushuka. Tulipofika chini kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi, kwa kuwa njia nzima zilikuwa zinagonga ncha ya kiatu. Baada ya wiki mbili zikang'oka. Kateni kucha. Sina maneno mengine juu ya hilo.

Na hili pia alinionyesha yeye. Njia za zamani za punda haziandikwi kwenye ramani yoyote, lakini mawe yake yamesuguliwa na kwato miaka mingi hata yakalainika. Jua la adhuhuri linayaficha. Jua la asubuhi, linapokuja kwa ubavu, yale mawe yanang'aa kama sakafu iliyopigwa deki, na njia nzima unaiona mpaka juu. Kwa hiyo anayetaka kutafuta njia mpya na aamke mapema, au asiende. Halafu mawingu. Mkiwa bondeni msitazame mbingu ya juu ya vichwa vyenu tu. Tazameni kule mlimani bonde linakotokea. Nimeona maji yakija chini ya mbingu safi kabisa, kwa sababu mvua ilinyesha kwa wenzetu, siyo kwetu.

Sasa nikuelezeni ule mzunguko, maana ndio uliofanya niwe mwongozaji.

Nyuma ya mji wa Izki kuna mashamba ya mitende, na nyuma ya mashamba kuna milima ya mawe meusi, kahawia kwa weusi, kama sufuria lililoungua. Hapaoti kitu isipokuwa migunga miwili mitatu iliyokata tamaa. Unapanda humo asubuhi, unajiona kama uko mwezini. Kisha unafika shingoni mwa mlima, na hapo, hatua chache tu, jiwe linabadilika. Linakuwa jeupe, lenye mashimo na makali, kuna mizeituni mwitu iliyopinda kwa upepo, na baridi inakuingia masikioni. Hapo pana chungu ya mawe, na chungu hiyo ndiyo mpaka: nyuma yako mkoa wa Dakhiliyah, mbele yako Sharqiyah. Unateremka upande wa pili mpaka kijiji kidogo chenye matuta ya ndimu na makomamanga, halafu unaingia bonde jembamba lenye mabwawa ya maji ya kijani, unauzunguka mlima kwa chini na kutokea tena kwenye mitende ileile uliyoiacha asubuhi. Mikoa miwili, dunia tatu, siku moja.

Niliuona kwanza kwenye ramani, nikiwa napokea simu katika ofisi ya Bwana Suleiman. Yeye alikuwa na kampuni ndogo ya kutembeza wageni ngomeni na jangwani. Kutwa nilikuwa nasema, "Ndiyo bwana, ngamia wapo," na jioni nafungua ramani. Karibu mwaka mzima mimi na Ami Harith tulikwenda kule siku za mapumziko, tukatafuta njia kipande kwa kipande. Nilipomaliza nikamwendea Bwana Suleiman, nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Vizuri. Nitakuja mwenyewe, na nitamleta Rahma, binti wa ami yangu kutoka Ibra. Ni mwalimu wa skuli, mlima ameuona kwenye picha tu. Jua likizama tuko garini, mzunguko ni wako na uongozaji ni wako. Nikikuta giza njiani, huo mzunguko wako utawafundisha mbuzi, na wewe utarudi kwenye simu zako."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mizanini. Ama mlima, ama ngamia wapo.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya, sisi tuliolelewa majumbani kwa Kiswahili na kusoma skuli kwa Kiarabu, tusiojua vizuri tabia za watu wa milimani. Kile kijiji cha upande wa pili sikuwahi kupita ndani yake. Mara zote nilikuwa nazunguka kwa nyuma, kwenye kijinjia cha mbuzi juu ya zizi. Nilikuwa naogopa kubisha hodi kwa watu. Nitasema nini? Nianze na salamu ipi? Nikikosea je? Ami Harith alikuwa akininong'oneza, "Mwanangu, tupite chini tusalimie." Nami nikimjibu, "Mara nyingine, Ami." Kwa hiyo mahesabu yangu ya safari yalikuwa safi kabisa: kupanda, sala ya adhuhuri, kuteremka, mabwawa, gari. Kijiji hakikuwemo.

Siku yenyewe ilianza vizuri hata nikaogopa. Bi Rahma alipanda mawe meusi huku anahema na kucheka. Tulipofika mpakani akapanda juu ya ile chungu ya mawe, akanyoosha mikono.

"Haya, karibuni kwetu Sharqiyah! Vueni viatu!"

"Tuvue viatu kwenye miba hii?" Bwana Suleiman akasema. "Huko kwenu hata mlango hakuna."

"Mlango wa nini? Sisi hatuogopi wageni. Nyinyi Nizwa mmejenga ngome kubwa vile, mlikuwa mnamkimbia nani?"

"Tulikuwa tunawakimbia walimu."

Ami Harith alikuwa ameshakaa juu ya mawe, anatafuna. "Mimi nimekaa nusu Dakhiliyah na nusu Sharqiyah," akasema, "na pande zote mbili jiwe linachoma."

Tukasali pale, kwenye upepo. Nikatazama jua, nikatazama simu, nikaona tuko mbele ya wakati. Nilikaribia kuruka.

Tukateremka. Tulipofika juu ya zizi, kijinjia changu cha mbuzi hakikuwepo. Mvua ya wiki ile ilikuwa imekikata na kukimwaga chini, limebaki genge la udongo. Nilisimama nikalitazama kama mtu aliyekuta nyumba yake imehamishwa.

"Basi tupite kijijini," Bwana Suleiman akasema. "Si watu tu?"

Watu tu! Nyumba ya kwanza, mzee alikuwa mlangoni kabla hatujamaliza salamu: kahawa. Usimkatalie mtu kahawa milimani. Ni kama kumwambia uso wake haukupendezi. Tukaingia, tukala tende, tukanywa. Hatua ishirini mbele, nyumba ya pili: kahawa, tende, na halua juu yake. Mimi namtazama Bwana Suleiman, yeye anakula halua na macho ameyafumba. Nyumba ya tatu alisimama mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili. Jina lake Bi Shamsa. Mumewe alikuwa amekwenda sokoni, na yeye alitukokota ndani kwa mkono.

Aliongea Kiarabu cha milimani. Mimi nakuwekeeni kwa Kiswahili. Alitupa tende, akamimina kahawa, akasubiri tunywe. Kisha akakaa vizuri, akauliza, "Nani mkubwa wa safari?"

Ami Harith, mdomo umejaa tende, akaninyooshea kidole. Bwana Suleiman akatazama dari.

"Basi wewe, binti. Tupe habari. Mmeacha nini nyuma, mmesikia nini njiani?"

Hapa lazima niwaeleze. Kwa watu wa milimani, habari huombwa rasmi baada ya kahawa, na mkubwa wa safari hujibu kwa niaba ya wote. Jibu linajulikana: hakuna jambo, kheri tupu. Hata kama nyumba yako imeungua unaanza na kheri tupu, mengine yatakuja baadaye, polepole. Nilikuwa nimewasikia wanaume wakilisema mara nyingi. Mimi mwenyewe sikuwahi kuulizwa. Kwetu nyumbani, mtu husema "Habari?" unajibu "Nzuri," na maisha yanaendelea.

Nikafungua mdomo niseme kheri tupu. Kilichotoka ni hiki:

"Habari mbaya, mama. Tumechelewa. Njia ya nyuma imechukuliwa na maji, na mimi nilikuwa napita nyuma makusudi kwa sababu naogopa kubisha hodi. Jua likizama hatujafika garini, bosi wangu huyu hapa ananirudisha kwenye simu. Bi Rahma ana lengelenge kisiginoni na hataki kusema. Sijalala tangu juzi. Na kahawa yako ni nzuri, wallahi, lakini hii ni nyumba ya tatu, na nyumba zilizobaki naziona kupitia dirisha lako, zote zimeshawasha moto."

Bi Rahma akauvuta mguu wake ndani ya nguo.

"Nani kakwambia nina lengelenge?" Bi Rahma akauliza.

"Unachechemea tangu mpakani."

Bi Shamsa alianza kutikisika mabega. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika ukuta, machozi yanamtoka.

"Kumbe wewe ndiye yule msichana wa nyuma ya zizi! Mwaka mzima twakuona! Mume wangu alisema umepoteza mbuzi. Jirani yangu akasema hapana, kapoteza akili."

Nilitamani genge lile la udongo lije linifunike. Lakini yeye alikuwa ameshasimama. Akaleta kitambaa laini, akamfunga Bi Rahma kisigino kwa ustadi mkubwa, huku ananikemea bila kuinua macho. "Mtoto mjinga wewe. Ungelisema haya kwenye nyumba ya kwanza, wote tungelikuja huko huko, mkanywa mara moja, mkenda zenu. Ndivyo tunavyofanya kwa wageni wenye safari. Wewe ulidhani tunataka kuwafunga?"

Akajitanda shela, akatoka mbele yetu. Tulipita kijiji chote nyuma yake, naye anapiga kelele mlango kwa mlango, "Wameshakunywa kwangu! Wana safari! Wameshakunywa!" Hakuna aliyetuzuia tena. Ila hakuna aliyetuacha tupite mikono mitupu. Ndimu, makomamanga, mikate myembamba ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Bwana Suleiman alibebeshwa zaidi kwa sababu ndiye aliyekuwa na mikono mirefu. Mwisho wa kijiji Bi Shamsa akaniambia, "Ukija tena, nipigie simu. Na upite mbele, kama mtu mwenye kwao."

Niiache hadithi kidogo kabla ya kufika garini, maana hili mnalihitaji kwa kazi. Utaratibu mnaoukuta leo kule, wa nyumba moja kuwa na zamu ya wageni na majirani kuja kukaa hapo hapo, haukutungwa na ofisi yoyote. Ni wao wenyewe waliupanga, wakagombana kidogo nani aanze, wakapatana. Kazi yenu ni kupiga simu siku moja kabla. Msimame mbali na nyumba mpaka mjibiwe. Mfereji wa falaji, ule wa kumwagilia mashamba, unapoingia kichakani pale chini, wanaume wasiusogelee. Ndipo wanapooga wanawake. Kikombe mpokee kwa mkono wa kulia, na mkitosheka mkitikise kabla ya kukirudisha, la sivyo atamimina mpaka kesho. Mkiulizwa habari, anzeni na kheri tupu. Kisha, kama kuna jambo, lisemeni mapema, msingoje nyumba ya tatu.

Haya, turudi bondeni.

Kwenye mabwawa ya maji mimi nilikuwa nakimbia kwa macho. Nilitaka kuwahimiza, nikakumbuka mguu wa Bi Rahma, nikashika mwendo wake. Kuta za bonde lile ni ndefu, jua huondoka mapema.

"Jua limezama," Bi Rahma akasema.

"Halijazama," Bwana Suleiman akajibu haraka. "Limejificha nyuma ya mlima. Ni mambo mawili tofauti."

Nikamtazama. Uso wake ulikuwa mwekundu, jasho linamtoka, komamanga moja lilikuwa limepasuka kwapani na kumchafulia kanzu yote.

Tulipotoka kwenye bonde na kuingia mashamba ya mitende, adhana ya magharibi ikasikika kutoka mbali. Tukatia udhu kwenye mfereji, tukasali pale pale penye majani, nami nikaomba dua ndefu kuliko zote za mwaka ule. Tulipoinuka, chini ya mitende palikuwa peusi kama ndani ya gunia. Gari lilikuwa mwisho wa shamba.

Ami Harith akatoa tochi yake akaiwasha.

"Zima hiyo!" Bwana Suleiman akasema. "Taa ya nini?"

"Ya giza, Suleiman."

"Giza gani? Mimi naona."

"Umeshasali magharibi, bwana wee."

"Nimesali. Sikusema kuna giza. Zima."

Ami Harith akazima. Nilimsikia Bi Rahma anajizuia kucheka, pumzi zinamtoka puani. Bwana Suleiman akatangulia kwa hatua za mtu anayetembea sebuleni kwake, makomamanga kifuani, akaongea kwa sauti kubwa juu ya uzuri wa mwanga wa jioni. Hatua ya nne, tukasikia maji yakiruka.

Alikuwa ndani ya falaji mpaka magotini. Ndimu zilianza kuondoka na maji, tunazisikia zikigonga kingo za mfereji, tok, tok, tok.

"Bosi, umeumia?" nikauliza.

"Sikuumia. Naona vizuri sana. Nimeingia kwa makusudi, nimeosha miguu."

Hapo tukashindwa. Bi Rahma alikaa chini kabisa. Ami Harith alicheka mpaka tende zikamwagika mfukoni. Mimi niliingia falajini kwa viatu, nikawa nazikamata ndimu kwa kupapasa, nacheka na nalia kwa pamoja, na nilikuwa sijui bado kama nimeshinda au nimeshindwa.

Bwana Suleiman akanipa mkono nimvute. Maji yalikuwa yanamchuruzika. Akaipangusa kofia yake, akaivaa.

"Asya," akasema, "asubuhi ukifika ofisini, nitafutie mtu wa kupokea simu."